Michembe Isiyoona Jua

Habari hii Sekela anaisimulia vibaya kila akipata wa kumsikiliza, kwa sababu yeye anapenda sehemu ya nguruwe tu. Mimi Severina ndiye niliyepatwa nayo, kwa hiyo kaa chini nikusimulie mwenyewe.

Ilikuwa Julai, mwaka sabini na sita, Mbeya. Nilikuwa mpishi Uzunguni, kwa mzungu mmoja mtaalamu wa visima na mkewe, Mama Ingrid. Mimi mwenyewe nilipanga mtaa wa Soweto, chumba kimoja na jiko la nje, nimepakana na huyo Sekela, Mnyakyusa mwenye mdomo na nguruwe mmoja. Mchumba wangu alikuwa Seni, Msukuma, fundi wa reli. Mimi kwetu ni Igowole, Mufindi. Padri alikuwa ametuandika, anangoja tu tumwambie siku. Baba yangu naye alikuwa anangoja, ila yeye alingoja ng'ombe. Alishasema wazi kwamba ng'ombe wasipofika Igowole hataki kusikia habari za padri wala shela. Na ng'ombe hao walikuwa mikononi mwa mama yake Seni, mjane, huko Usangu, na mama huyo mwaka mzima na zaidi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi hapo tumbo lina miezi minne. Sasa uniulize kama nilikuwa napata usingizi.

Ijumaa mchana Seni akanijia mbio na ovaroli lake la kazini, meno yote nje.

"Mama anakuja kesho!"

"Kesho gani?"

"Kesho Jumamosi. Dereva wa lori kaniletea salamu. Anafika saa tano, saa tisa anapanda basi la kurudi Chimala. Anasema anataka akuone kwa macho yake, halafu ndiyo atasema habari ya ng'ombe." Akanishika mkono. "Na anataka umpikie michembe."

"Nimpikie nini?"

"Michembe, Seve. Ile aliyokutumia wakati nipo Morogoro kwenye mafunzo. Viazi vitamu vile, vinamenywa, vinakatwa vyembamba, vinaanikwa juani mpaka vinakauka kabisa. Gunia zima alikutumia! Hata hukuniambia kama uliipenda."

Nikajifanya nafunga kanga upya.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mwanzoni mwa mwaka sabini na tano, Seni hayupo, lori lilisimama mbele ya nyumba, dereva akashusha gunia, akasema, "Kutoka kwa mama mkwe wako," akaondoka zake. Nikafungua. Vipande vikavu, vimejikunja, rangi ya vumbi, vinanuka udongo. Kwetu Igowole kiazi kitamu kinachemshwa na maganda yake, kinaliwa cha moto na chai, basi. Sijawahi kuona mtu anakikausha. Nikatia kimoja mdomoni, nusura nivunjike jino. Nikasema moyoni, ahaa, hiki ni chakula cha mifugo. Huyu mama wa wafugaji hajanipa shuka, hajanipa hata kuku, amenitumia chakula cha ng'ombe, kunionyesha ananiweka kundi gani. Na mimi hasira zangu unazijua. Nikaliburuta gunia mpaka kwa Sekela, nikamwambia, "Mpe nguruwe wako." Sekela hakuuliza mara mbili. Nguruwe alikula wiki tatu.

Seni aliporudi sikumwambia kitu. Niliona nikisema mama yake kanitukana, tutagombana bure, nikameza. Hasira hasara, wanasema, lakini wanakuambia ukishapata hiyo hasara.

"Ipo, si ndiyo?" Seni akauliza.

"Ipo," nikasema.

Usinitazame hivyo. Ungemwona alivyokuwa anacheka, na wewe ungesema ipo.

Alipogeuka tu, nikatoka kwenda sokoni nusu natembea nusu nakimbia. Nikauliza michembe kila kibanda. Mmoja aliniambia niende kwa waganga, mwingine akanionyesha muhogo mkavu. Mama mmoja Msafwa akanicheka usoni, akasema, "Mwanangu, viazi vibichi hivi hapa vimejaa, unataka vilivyokufa vya nini?" Nikanunua vibichi. Nikarudi nikamenya, nikakata vyembamba, nikavitandaza kwenye ungo juu ya banda la nguruwe wa Sekela, mahali pekee palipokuwa wazi.

Lakini jua la Julai Mbeya lipo wapi? Ukungu ulikuwa umekaa tangu asubuhi, mlima Loleza wenyewe huuoni. Kila baada ya dakika kumi nilikuwa natoka kupapasa. Nageuza. Naingia ndani. Natoka tena. Sekela ameegemea mlango wake ananitafuna kwa macho.

"Severina, viazi havikauki kwa kushikwashikwa."

"Nyamaza."

"Vitundike juu ya moto."

"Vitanuka moshi, mama wa watu atajua."

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake amekula huyo wako?"

Sekela akamtazama nguruwe, nguruwe akamtazama Sekela, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumrushia ungo. Jioni vipande vilikuwa majimaji kuliko nilivyoviweka, na vimeanza kugeuka vyeusi pembeni. Nikavimwaga.

Wazo lilinijia Jumamosi alfajiri, nikiwa nafunga kanga. Lile sanduku la Mama Ingrid!

Siku hizi mnaita maikrowevu na kila duka linauza. Wakati ule Mbeya mimi sikujua nyumba nyingine yenye kitu hicho. Alikuja nalo kutoka kwao kwenye kreti, zito, watu wawili wanalibeba. Halina moto, halina waya unaowaka, ndani ni taa tu na sauti ya kuvuma, na saa ya kuzungusha pembeni inayopiga kengele ikiisha. Mama Ingrid alipenda sana viazi vitamu. Anakiosha kiazi, anakichoma na uma pande zote kisipasuke, anakifunga humo, dakika saba kimeiva. Mara ya kwanza nilipoona nilifanya ishara ya msalaba. Lakini kilichonikumbusha si hicho. Nilishamwona akikausha majani ya mnanaa humo humo. Anatandaza karatasi laini, anaweka majani, dakika mbili tatu, yanatoka makavu yanavunjika. Nikajiuliza, kama jani linakauka, kiazi nacho kina nini?

Mzungu na mkewe walikuwa wamekwenda Tukuyu tangu Ijumaa, funguo ninazo mimi. Sikuwa nimeruhusiwa kuligusa lile sanduku peke yangu, na mpaka siku ile sikuwahi. Saa moja asubuhi nilikuwa jikoni kwao na viazi vyangu vilivyobaki kwenye kikapu, namenya.

Sahani ya kwanza niliipa dakika saba, kwa sababu ndiyo namba niliyoijua. Kengele ikalia. Nikafungua, mvuke ukanipiga usoni. Vipande vimeiva! Vimelegea kabisa, vitamu hata kunusa, chakula kizuri cha mtu mwingine yeyote duniani asiye mama yake Seni. Nikavirudisha, dakika tano. Nikafungua, vinanata. Dakika tano tena. Sasa kioo kinatiririka maji kwa ndani, nafuta kwa kanga, narudisha. Saa ya ukutani inasema saa mbili na nusu. Nikatembea kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, nikachungulia barabarani kama gari lao linarudi, nikarudi jikoni. Nilifanya hivyo mara ngapi sijui. Mtoto tumboni naye siku hiyo ndiyo akachagua kucheza mara ya kwanza, na badala ya kufurahi nilimwambia tulia kwanza.

Hatimaye vikatoka vigumu. Vyekundu kidogo, vimejikunja, ukivigonga mezani vinalia. Nikaruka kwa furaha peke yangu. Lakini vilikuwa vichache, kiganja kimoja. Sahani ya pili nikapunguza umakini, nikaongeza dakika. Na hapo ndipo nilipokuwa mjinga, maana nilidhani kitu kisicho na moto hakiwezi kuunguza. Niliweka dakika kumi na mbili, nikaenda kuchungulia barabara. Kurudi, jikoni moshi mtupu! Nikavuta mlango wa sanduku, vipande kwa nje vizuri tu, nikivunja kimoja ndani mkaa. Kiazi kilikuwa kinaungua kuanzia moyoni, ngozi yake haijui. Ukuta wa ndani wa sanduku umepata doa la kahawia kama mkono wa mtu. Nikafungua madirisha yote, nikapepea kwa sinia, nikasugua lile doa kwa limao mpaka vidole vikaniwasha. Halikutoka. Nikasema Mama Ingrid nitamkabili Jumatatu, leo nina mama mwingine.

Nikachambua. Visivyoungua, na vilivyoungua kidogo nikavikwangua kwa kisu. Jumla vilijaa bakuli moja, la wastani. Saa nne kasoro. Nikafunga nyumba, nikashuka Soweto kwa miguu huku nimekumbatia bakuli, watu wananisalimu siitikii.

Sekela, Mungu ambariki na mdomo wake, alikuwa ameshawasha moto na kutwanga karanga. Tukachemsha. Seni alisema vinachemshwa mpaka vilainike, halafu karanga. Vilichemka, vikachemka. Vingine vikalainika, vingine vikabaki na mfupa katikati. Nikaonja. Si vibaya, nikasema. Sekela akaonja, akatazama juu ya paa.

"Sema."

"Mimi si Msukuma," akasema, akaondoka na kijiko changu.

Saa tano na robo nikasikia sauti ya Seni. Mama yake alikuwa mrefu, mwembamba, kaniki mbili, moja kiunoni moja begani, miguuni makatambuga ya tairi, mkononi kibuyu cha maziwa. Aliitwa Ng'washi. Nikapiga magoti, nikasema salamu ya Kisukuma niliyofundishwa, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia taratibu, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka tumboni. Pale tumboni akakaa kidogo. Halafu akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka, kiti alikikataa.

Nikamnawisha mikono. Nikaweka bakuli. Seni alikaa pembeni ananitabasamia kama mtu aliyeshinda mashindano.

Mama Ng'washi akachukua kipande kimoja. Hakukila. Akakivunja, akatazama ndani, akanusa. Akachukua cha pili, akavunja, akanusa. Akavipanga kwenye kiganja. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokoteza, lakini kilimtosha.

"Hii si michembe," akasema. "Michembe inaanikwa mbichi. Hii imeiva kwanza. Inayoiva kwanza halafu inakauka ni matobolwa. Lakini hii na matobolwa vilevile siyo." Akaninyanyulia macho. "Nani ameanika?"

"Mimi, mama."

"Wapi?"

"Juani."

Akageuka akatazama dirishani. Nje ukungu umefunga, kuku wa jirani wamejikunyata chini ya kibanda. Akatazama muda mrefu, bila haraka.

"Jua lipi?"

Seni tabasamu lilimtoka. "Seve, si ulisema ile ya gunia ipo?"

Sasa hapo ningeweza kutunga. Nilikuwa na panya wa kusingizia, nilikuwa na wezi, nilikuwa na mvua iliyoingia stoo. Lakini nilikuwa nimechoka. Tangu jana sijakaa. Nilikuwa nimekimbia mji mzima na kutia doa kwenye mali ya watu, na mama yule ananiangalia kwa macho matulivu, na hasira zikanipanda, na sijui zilikuwa za nani.

"Haipo!" nikasema. "Nilimpa nguruwe. Gunia zima. Mimi kwetu hatukaushi viazi, mama, sikujua ni chakula cha watu. Niliona umenitumia chakula cha mifugo, nikaona umenitukana, nikakasirika, nikampa nguruwe wa jirani. Hivi nimevipika leo kwenye sanduku la umeme la mzungu, na lenyewe nimeliunguza. Basi. Kama ni ng'ombe, waache tu."

Seni akajishika kichwa. Nyuma ya ukuta nilisikia Sekela ameacha kupumua.

Mama Ng'washi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliviweka vile vipande chini kimoja kimoja.

"Nguruwe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwaka ule wa njaa."

Nikainua macho.

"Mwaka ule ng'ombe walikufa, wewe hukuona. Nyumbani kwangu tulikula mara moja kwa siku, jioni. Viazi vilivyobaki nilianika vyote juu ya jiwe, vikajaa gunia moja. Nkuba, mdogo wake huyu, alilia akitaka. Nikamchapa mkono. Nikamwambia acha, hii ni ya mke wa kaka yako. Yuko mjini peke yake, mume hayupo, nani atampa chakula?" Akafuta mikono kwenye kaniki. "Halafu nikangoja. Kila lori likipita natoka. Nikasema leo watasema, mama, michembe ilifika. Hata salamu sikuona. Nikasema basi, huyu mtoto hanitaki. Ng'ombe nampelekea mtu asiyenitaka?"

Mke wa kaka yako. Mwaka na nusu nilikuwa nalia usiku nikingoja neno hilo, na lilikuwa limeshasemwa, mtoto mwenye njaa ameshachapwa kwa ajili yake. Nililia vibaya, makamasi na vyote, mbele ya mkwe, mtu mzima mimi.

Akanisukumia bakuli.

"Kula."

"Mama..."

"Sikukutumia nile mimi. Nilituma ule wewe. Kula nikuone."

Nikala. Cha kwanza, cha pili. Vile vyenye mfupa katikati nikavitafuna hivyo hivyo, vile vyenye mkaa nikavimeza, karanga na machozi. Seni alinyoosha mkono achukue kimoja anisaidie, mama yake akamchapa. Alinitazama mpaka cha mwisho, kisha akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu chake, akangoja ninywe.

"Nguruwe yule," akauliza, "alinenepa?"

"Sana," nikasema.

Kwa mbali nikamwona anabana midomo asicheke. Halafu akasimama, akajifunga kaniki yake vizuri, akaenda mpaka mlangoni kutazama ule ukungu. Akabaki hapo, mgongo kwetu, hata nikadhani anataka kuondoka kabla ya saa.

"Huko kwenu Igowole," akasema bila kugeuka, "ni baridi hivi hivi?"

"Zaidi ya hapa, mama."

"Na majani ya ng'ombe yapo?"